Simba Kisimani: Hiari na Kujitambua katika Mathnawi ya Rumi

Katika Kiswahili mna methali mbili ambazo twazisomesha aghalabu katika muhula mmoja, pengine katika juma moja, wala hatusimami kuzitazama zinavyogombana. Ya kwanza yasema: Ajizi nyumba ya njaa. Ya pili yasema: Jitihadi haiondoi kudura. Ya kwanza humwamrisha mtu ainuke atende. Ya pili humwambia kwamba hata akitenda, lililopangwa halipanguki. Mwanafunzi mwepesi wa akili huuliza ipi kati ya hizo ni ya kweli, nasi humjibu kwamba kila methali ina mahali pake. Jibu hilo si baya, ila ni nusu ya jibu. Yafaa tuendelee kuuliza: mahali pa kila moja ni wapi, na ni nani mwenye haki ya kupachagua?

Swali hili Masufi walilishughulikia kwa karne nyingi, na katika makala haya twakusudia kulifuata katika kitabu kimoja tu, nacho ni Mathnawi ya Jalaluddin Rumi, hasa hadithi ya simba, wanyama na sungura iliyomo katika juzuu ya kwanza. Rumi alizaliwa mwaka 1207 katika upande wa Balkh, Asia ya Kati, akafariki mwaka 1273 katika mji wa Konya, ulio leo katika nchi ya Uturuki. Mathnawi aliitunga kwa Kiajemi, juzuu sita zenye beti zipatazo 25,000. Reynold Nicholson, mwanachuoni wa Cambridge, aliihakiki na kuitafsiri kwa Kiingereza katika kazi iliyotoka baina ya 1925 na 1940, na wengi wetu tusiojua Kiajemi twaisoma kwa kupitia mlango huo.

Wako wasomaji wa namna mbili wanaoidhulumu kazi hii. Wa kwanza ni wale waaminio kwamba Usufi ni kukaa juu ya mkeka na kungoja riziki idondoke. Hao hukata maneno machache ya kutawakali wakasema, tazama, hivi ndivyo mashariki ilivyolala. Wa pili ni wapenzi wa Usufi wenyewe, ambao huyapenda maneno yale yale kwa sababu yanawapumzisha na lawama. Sisi twaona kwamba hadithi ya simba inawakanusha wote wawili. Rumi haulizi tu kama mwanadamu ana hiari. Anauliza kama mwenye hiari anajiona anapoitumia. Na katika hadithi yake, asiyejiona huangamia hata akiwa na hoja zilizo sahihi.

Kabla ya kuifikia hadithi, tueleze kwa ufupi ugomvi ulivyokuwa. Katika karne za kwanza za Uislamu palikuwa na Majabari, waliosema kwamba mja ni kama unyoya mbele ya upepo, na palikuwa na Makadari, na baada yao Mutazila, waliosema kwamba mja ndiye mwenye kuyaumba matendo yake, kwani vinginevyo Mungu angekuwa dhalimu kwa kumwadhibu. Abul-Hasan al-Ashari wa Basra, aliyefariki katika miaka ya 930, alitafuta njia ya kati: tendo huumbwa na Mungu, naye mja hulichuma. Neno la Kiarabu alilolitumia, kasb, laelekea sana na kitenzi chetu cha kuchuma: mchumaji hakuumba tunda, lakini mkono uliolikwanyua ni wake na kikapu ni chake. Itikadi ya al-Ashari ndiyo iliyosomeshwa na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii katika pwani yetu, na kwa hiyo Waswahili wengi wameirithi hata kama jina la mwenyewe hawalijui.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuchukua ugomvi huo akauingiza ndani ya moyo. Katika kitabu chake kikubwa cha Ihya, kwenye mlango wa kumpwekesha Mungu na kutawakali, aliandika kisa cha karatasi iliyoulizwa kwa nini imejitia weusi. Karatasi ilijibu kwamba haikujitia, iulizwe wino. Wino ukaelekeza kwenye kalamu, kalamu kwenye mkono, mkono kwenye nguvu, nguvu kwenye nia, nia kwenye elimu, na hivyo hivyo ngazi baada ya ngazi mpaka muulizaji alipofika pasipo na kalamu ya mti wala mkono wa nyama. Hitimisho la al-Ghazali ni zito: mwanadamu amelazimishwa kuwa na hiari. Hawezi kuikana, kwa maana ndivyo alivyoumbwa. Wala hawezi kujisifia, kwa maana hakujipa mwenyewe.

Sasa tuje kwenye hadithi. Rumi hakuibuni. Yeye mwenyewe anamwelekeza msomaji kwenye Kalila na Dimna, kitabu cha asili ya Kihindi kilichotiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Wanyama wanaishi katika bonde zuri, lakini simba huwavizia kila siku, hata malisho yakawa machungu. Wakamwendea wakamwomba akae kitako, nao watamletea chakula chake kila siku. Simba akasita. Hapo ndipo Rumi anapokipanua kisa kidogo kikawa baraza la wanavyuoni. Wanyama wanahubiri tawakali: hadhari haimzuii mtu na kudura, heri kumwachia Mola. Simba anahubiri jitihada: anakumbusha mafundisho ya Mtume kwamba ngamia afungwe goti kisha ndipo mtu atawakali, anasema kwamba mwenye miguu hana haki ya kujifanya kiwete, na kwamba bwana akimkabidhi mtumwa wake jembe, haja ya maneno imekwisha, mtumwa amekwisha kuambiwa kazi yake.

Wanyama wanajibu kwa kisa cha mtu aliyemwona Izraili akimkazia macho. Kwa hofu alimkimbilia Nabii Sulaiman akaomba upepo umchukue mpaka Bara Hindi. Kesho yake Sulaiman akamuuliza Izraili kwa nini alimtisha mtu yule. Izraili akasema hakumtisha. Alistaajabu tu kumwona pale, kwa kuwa alikuwa ameamrishwa aitwae roho yake siku ile huko Bara Hindi. Ni kisa cha kumtia mtu baridi, na wasomaji wengi husimama hapo wakadhani kwamba mwandishi amekwisha kusema.

Lakini hakusema yeye, wamesema wanyama. Hapa, walimu wenzetu, pana somo la kwanza la uhakiki: maneno ya mhusika si imani ya mtunzi. Tuulize msemaji ni nani, anasema na nani, na anataka nini. Wanyama wanamtaka simba akae nyumbani. Tawakali yao ni mtego uliofunikwa majani mabichi. Lau wangeiamini kweli, wasingehitaji mapatano yoyote, wangelisha wakangoja zamu ya kuliwa. Wanaikataza jitihada kwa jitihada kubwa ya ulimi. Rumi hatuambii hivyo waziwazi, ila mambo yanayofuata yanatuambia.

Angalia jinsi matendo yanavyogeuza maneno. Simba, mhubiri wa jitihada, anakubali kuletewa chakula na kukaa. Wanyama, wahubiri wa tawakali, wanaokolewa na mwenzao mmoja asiyekubali kutawakali. Kura ilipomwangukia sungura, alichelewa makusudi. Alipofika alimweleza simba aliyefura kwa hasira kwamba walikuwa wawili, yeye na mwenzake mnene zaidi, na simba mwingine njiani amemzuia mwenzake. Akamwongoza mpaka kisimani, akajifanya anaogopa. Simba akamweka ubavuni pake, wakachungulia pamoja. Majini akaonekana simba na ubavuni pake sungura. Simba akamwacha huyu wa juu akamrukia yule wa chini, ikawa ndio mwisho wake.

Kwetu sisi, tuliolelewa kwa ngano za sungura mjanja, ni rahisi kukifunga kitabu hapa tukaandika ubaoni: akili ni mali. Hilo limo, lakini ni ganda. Rumi anasimama kwenye ukingo wa kisima na kumgeukia msomaji: maovu mangapi tunayoyaona kwa watu ni tabia yetu wenyewe inayotuangalia kutoka kwao? Simba hakuuawa na sungura wala na maji. Aliuawa na sura yake ambayo hakuitambua. Alikuwa na nguvu, alikuwa na hiari, na katika mjadala alikuwa na hoja bora kuliko wenziwe wote. Kilichokosekana ni kimoja: hakujijua. Ghadhabu yake alikuwa ameizoea mno, hata alipokutana nayo ana kwa ana akaiita adui. Hiari ya namna hiyo ni ya jiwe linaloporomoka na kudhani linakimbia.

Tumpime na sungura. Wanyama walipomzunguka kwa shangwe wakitaka kumtukuza, alisema kwamba ni msaada wa Mungu, kwani sungura ni kitu gani duniani? Akawakanya wasidanganyike na ushindi, maana zamu hupita kwa kila mtu. Kisha Rumi anaongeza neno lake kwamba adui wa nje ameuawa, lakini ndani amebaki adui mbaya zaidi, nafsi, na simba yule wa ndani si windo la sungura. Kwa maneno mengine, werevu ulioshinda kisimani hautoshi kwa vita vinavyobaki.

Sasa tawakali na jitihada zimepata mahali pake. Sungura alijitahidi kabla ya tendo, akatawakali baada ya ushindi. Kudura hakuitumia kukwepa kazi. Aliitumia kukwepa kiburi. Na katika juzuu hiyo hiyo ya kwanza Rumi anaueleza ugonjwa wetu kwa uwazi: katika jambo tunalolipenda twaiona wazi nguvu yetu, na katika jambo tusilolipenda twageuka Majabari tukasema, hili limetoka kwa Mungu. Ni nani kati yetu asiyejitambua humo? Shamba likistawi, nimelima. Likikauka, ni amri ya Mungu.

Kama hiari ipo, ushahidi wake ni upi? Rumi hauleti kutoka vitabuni; anamrudisha mtu kwenye yale anayoyahisi mwenyewe. Anatoa mfano wa mikono miwili inayotikisika: mmoja watikisika kwa maradhi, mwingine mtu ameutikisa mwenyewe. Mitikiso yote miwili imeumbwa na Mungu, lakini mwenye mkono wa pili aweza kujuta, na wa kwanza hawezi. Majuto ndiyo yanayotofautisha. Kilio chetu, asema, chaonyesha kwamba tumebanwa. Haya yetu yaonyesha kwamba tuna hiari. Na mara anauliza swali ambalo sisi wenye kushika chaki hatuna budi kulisikia: kama hakuna hiari, mbona walimu huwakemea wanafunzi?

Katika juzuu ya tano anaendelea, katika mjadala wa Mwislamu na Mmajusi aliyealikwa kusilimu akajibu kwamba Mungu akipenda atasilimu. Hapo Rumi anasema kwamba utambuzi wa ndani wasimama mahali pa macho na masikio: kama vile mtu asivyohitaji hoja kujua kwamba ana njaa au hasira, ndivyo asivyohitaji hoja kujua kwamba anachagua. Asemaye, kesho nifanye hili au lile, amekwisha kuishuhudia hiari yake. Hata ngamia akipigwa humkasirikia mwenye fimbo, haikasirikii fimbo. Na mwizi aliyepanda mtini akila matunda ya watu, akajitetea kwamba mja wa Mungu anakula tunda la Mungu, alifungwa kwenye mti na mwenye shamba akapigwa kwa fimbo, akiambiwa kwamba fimbo ni ya Mungu na mpigaji ni mja wa Mungu. Huyo alitubia ujabari wake palepale, akakiri mara tatu kwamba hiari ipo.

Mtu hucheka, lakini kicheko hicho kina uzito. Rumi hamshindi mwizi kwa nadharia, anamwamsha. Dhamiri iliyolala huamshwa na maumivu, na kwa sababu hiyo asema pengine kwamba saa ya ugonjwa ni saa ya kuamka.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ameutoa katika Kurani, katika sura ya 7. Iblisi alipohukumiwa alidai kwamba Mungu ndiye aliyempoteza. Adamu na mkewe walikiri kwamba wamezidhulumu nafsi zao. Rumi aeleza kwamba Adamu hakuwa mjinga wa kudura. Aliijua, ila kwa adabu hakuitaja, akaibeba dhambi mwenyewe. Tuitazame tofauti hiyo kwa jicho la mwalimu wa sarufi. Katika kauli ya Iblisi mtenda ni Mungu, naye Iblisi ni mtendwa. Katika kauli ya Adamu mtenda ni Adamu. Dunia ni moja, Mola ni mmoja, tofauti imo katika kiambishi cha nafsi.

Na Kiswahili kimetupa mahali pa kujificha papana kuliko lugha nyingi. Mtoto aliyeangusha kikombe hasemi, nimekivunja; husema, kimevunjika. Aliyepoteza kitabu husema, kimepotea. Karani aliyesahau barua husema, haikupelekeka. Kauli hii ya kutendeka ni hazina ya lugha yetu, nasi hatuombi ifutwe. Yapo mambo mengi ambayo kweli huvunjika bila ya mvunjaji. Lakini mwalimu aisomeshaye bila ya kuuliza mtenda amekwenda wapi, amesomesha umbo akaacha maana. Karatasi ya al-Ghazali nayo ilisema imeandikika. Tofauti ni kwamba karatasi haikuwa na haya ya kuhisi, na mtoto anayo. Uso wake huonyesha kabla ya ulimi.

Hapa hatuna budi kujibu pingamizi moja. Msomaji atasema: Masufi hawafundishi kujijua, wanafundisha kujifuta, lengo lao ni fanaa, nafsi itoweke katika Mungu. Basi kiambishi cha nafsi kitabaki wapi? Jibu lilitolewa zamani na Junayd wa Baghdad, aliyefariki mwaka 910. Yeye alifundisha kwamba baada ya kulewa kuna kulevuka, na kwamba baada ya fanaa kuna bakaa: mtu hurudishwa kwa watu na kwa amri na makatazo, akiwa macho kuliko alivyokuwa. Rumi naye, alipolitaja neno la ulazima, alikiri kwamba neno lenyewe linamtia mapenzi yasiyo na subira, kwa sababu kwake huo si ulazima wa mfungwa. Ni kuwa pamoja na Mpendwa. Ulazima wa mpenzi na ulazima wa mvivu una jina moja, lakini mvivu huutaja kabla ya kazi, mpenzi huutaja baada ya kutoa alichonacho chote.

Hatusemi kwamba kazi hii haina kasoro. Hadithi zimepachikwa ndani ya hadithi hata msomaji mgeni akampoteza simba kwa kurasa nzima, na walimu wanaotaka kuisomesha watalazimika kuchagua vipande. Pia Rumi hampi simba wake huruma. Aliyesema maneno mazuri ya ngamia na ya jembe alistahili walau saa moja ya shaka kabla ya kufa. Zaidi ya hayo, mtunzi anakataa kuufunga mjadala. Katika juzuu ya tano asema wazi kwamba mabishano ya Majabari na Makadari yataendelea mpaka siku ya kufufuliwa. Wako watakaoliona hilo kuwa udhaifu wa fikra. Sisi twaliona kuwa uaminifu. Asiyekuwa na jibu la mwisho kwa akili amempa msomaji kazi ya moyo, na kazi hiyo haifanywi kwa niaba ya mtu mwingine.

Wala fikra hii si ngeni kwa fasihi yetu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, katika Al-Inkishafi, utenzi wa mwanzo wa karne ya 19, hakuwahutubia watu wa mji. Aliuhutubia moyo wake mwenyewe, akauonyesha magofu ya majumba yaliyokuwa na fahari, akautaka uzinduke. Jina la utenzi lenyewe linatokana na kufunuka kwa kilichofichika. Msomaji wa juu juu huona pale kudura tu: majumba hujengwa na kubomoka. Lakini moyo usio na hiari haukanywi wala haukaripiwi. Kule kukaripia kwake ndiko kunakoishuhudia hiari, kama vile kukemea kwa mwalimu kunavyoshuhudia.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba hadithi ya simba na sungura isomwe katika madarasa ya juu pamoja na zile methali mbili tulizozitaja, na kwamba mwanafunzi aulizwe maswali matatu. Ni nani katika hadithi hii aliyetenda kinyume cha aliyoyahubiri? Simba aliona nini kisimani, na angalisema nini lau angalijitambua? Na mwisho, atunge sentensi tano za kauli ya kutendeka kuhusu juma lake lililopita, kisha azirudie kwa kauli ya kutenda, akimtaja mtenda kwa jina lake. Wanafunzi wataona kwamba sentensi mbili au tatu hukataa kugeuzwa, kwa kuwa kweli hazina mtenda tunayemwona. Hizo ziachiwe kudura. Zilizobaki ni zetu.